Bangili za Kamba kwa Askari Walio Mbali: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Kujitolea Unguja na Pemba

Bangili ya kamba anayovaa askari si pambo. Ni akiba ya kamba, karibu mita tatu, iliyosukwa ikafupishwa mpaka ikaenea kwenye kifundo cha mkono. Mtu huivaa miezi bila kuikumbuka, kisha siku moja kamba ya kiatu inakatika, turubai linapeperuka au mkanda wa begi unang'oka, naye huifumua akapata cha kufungia hapo hapo alipo. Kwa hiyo aliyekaa barazani Jang'ombe au Wete akisuka bangili hii anatengeneza kifaa cha kazi, na kifaa hicho kikiwa kibovu, aliyeko porini hana pa kukirudisha. Hilo ndilo ninalotaka kila kikundi kilishike kabla hakijanunua hata kamba moja: bora bangili kumi za kuaminika kuliko mia za kujazia boksi.

Kamba yenyewe ilitoka kwenye miavuli ya kurukia. Askari wa miavuli wa Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, waliona kuwa kamba zilizowashikilia angani zinafaa kwa kazi nyingi wakishafika ardhini, wakawa wanazikata na kuziweka. Huko Marekani ndiko pia ilikokua desturi ya raia kusuka bangili za kamba hii na kuzitia kwenye vifurushi vya kuwatia moyo askari walio safarini. Shirika la Operation Gratitude, lililoanzishwa California mwaka 2003 na Carolyn Blashek, ni miongoni mwa yale yanayozipokea kutoka kwa watu wa kawaida, vijana kwa wazee.

Nasi tuna watu wetu walio mbali. Vijana wa Unguja na Pemba wamo katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na jeshi hilo limepeleka walinda amani Darfur, Lebanon, Jamhuri ya Afrika ya Kati na mashariki ya Kongo. Disemba 2017, kambi ya Watanzania huko Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na zaidi ya askari kumi wakapoteza maisha. Msiba ule uliingia hadi majumbani mwetu huku visiwani. Na hapa hapa nyumbani wapo mabaharia wa KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, wanaotoka Kibweni kwenda kutafuta chombo kilichopata shida baharini. Hao wote wanastahili kitu kilichotengenezwa kwa mikono na kwa uangalifu.

Ruhusa kwanza, kamba baadaye

Vikundi vingi hupenda kuanza na kusuka, kisha ndipo vitafute wa kumpa. Mimi nashauri kinyume chake. Usiende kwenye geti la kambi na boksi mkononi. Hata nia yako iwe safi vipi, mlinzi wa zamu hana mamlaka ya kukupokelea mzigo asioujua. Andikeni barua ya kikundi yenye majina ya viongozi, ipitie kwa sheha na ofisi ya wilaya, halafu ifike kwenye ofisi ya kikosi mnachokikusudia. Katika barua hiyo ulizeni mambo matatu tu: je, zawadi za namna hii zinapokelewa, rangi zipi zinaruhusiwa, na nani atakayekabidhiwa. Majibu yakichelewa, subirini.

Njia iliyo nyepesi zaidi ni ya familia. Mama ambaye mwanawe anaondoka, au mke ambaye mumewe yuko likizo na karibu atarudi kambini, anaweza kumtilia bangili kwenye begi lake pamoja na nyingine za kuwagawia wenzake. Hapo hamhitaji barua wala boksi kubwa, na bangili inafika.

Iwe kwa njia yoyote, hamruhusiwi kupiga picha kambini, na msiandike popote kwamba kikosi fulani kipo mahali fulani au kinaondoka tarehe fulani. Furaha ya kukabidhi isiwatoe kwenye tahadhari. Picha ya mikono ikisuka inatosha kuonyesha kazi yenu.

Jambo jingine ni kamba za mabaka. Zinauzwa, na kwa macho zinavutia, lakini mwaka 2023 JWTZ iliwapa raia siku saba kusalimisha sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo. Sioni sababu ya kikundi cha kujitolea kujaza nyumba kamba za rangi ya sare. Chukueni rangi moja iliyotulia: nyeusi, kijani cha majani makavu, kahawia au rangi ya mchanga. Rangi hizi hazimfichui mtu porini na hazimtii mtu mashakani mjini. Kwa mabaharia wa KMKM na kwa wavuvi shauri hugeuka. Wao wape rangi ya chungwa au ya manjano, kwa sababu baharini mtu anataka kuonekana.

Kuijua kamba ya kweli

Kamba inayotakiwa hujulikana kwa namba 550, kwa kuwa hubeba ratili 550 kabla ya kukatika, yaani karibu kilo 250. Unene wake ni kama milimita 4. Imetengenezwa kwa nailoni, ina ganda la nje lililofumwa, na ndani ya ganda mna nyuzi saba nyeupe. Kila uzi ukiufungua utaona umesokotwa kwa vijiuzi viwili au vitatu. Hapo ndipo ilipo thamani ya bangili: askari akifumua mita tatu, anaweza kuvua ganda akapata nyuzi saba za mita tatu tatu, ambazo ni mita 21 za uzi mwembamba wa kushonea begi, kutegea samaki au kufungia kitu kidogo.

Tatizo ni kwamba kamba za mapambo zinafanana nayo kwa nje. Usinunue kwa kutazama. Mwombe muuzaji akukatie kipande cha urefu wa kidole. Shika ncha moja, bana ganda kwa kucha za mkono wa pili ulisukume nyuma, na nyuzi za ndani zitachungulia. Zihesabu. Zikiwa tatu au nne, au ukikuta mna manyoya manyoya yasiyosokotwa, mrudishie kipande chake na umshukuru. Zikiwa saba, endelea na jaribio la maji: tia kipande kwenye gilasi, kibinye viputo vitoke, ukiachie. Nailoni huzama. Kamba ya plastiki nyepesi, ile ya buluu au ya kijani inayofungiwa madau, huelea. Mwisho unguza ncha kidogo. Nailoni huyeyuka ikawa tone gumu na moshi wake ni mwepesi; moshi mweusi mzito wenye masizi ni dalili ya poliesta, ambayo si mbaya kwa kazi nyingine lakini siyo mliyoahidi.

Maduka ya nyavu na kamba za uvuvi yana nailoni nzuri sana, ila nyingi ni ya kusokotwa, isiyo na ganda wala nyuzi za ndani. Hiyo waachieni wavuvi. Kamba ya 550 mara nyingi itabidi iagizwe, kwa mtandao au kwa jamaa anayekuja kutoka Dar es Salaam au Dubai. Rola ya mita 100 hutoa bangili 33. Zile rola ndogo za mita 31 hutoa kumi.

Kamba ikifika, msiisuke ikiwa mpya hivyo hivyo. Nailoni ya namna hii hurudi ikilowa, na bangili iliyomwenea mtu vizuri ikiwa kavu itambana akishapigwa na mvua. Iloweke kwenye maji ya moto kwa robo saa au zaidi, iache ipoe humo humo, kisha ianike kivulini. Kivulini, si juani, kwa sababu jua ndilo adui mkubwa wa nailoni. Huila nguvu yake polepole bila kuonekana. Kwa sababu hiyo hiyo rola isikae dirishani wala juu ya bati.

Vifaa vya mezani

Hamhitaji vingi. Mkasi mkali, futi ya fundi cherehani, kibiriti cha gesi, kijiko cha chuma cha zamani, koleo ndogo yenye mdomo mwembamba na utepe wa umeme. Vibanio vya plastiki viwe vile vya mikanda ya mabegi, lakini vidogo, vyenye dume na jike na tundu la upana wa milimita 10 hadi 15. Chagua vilivyo laini pembeni. Kuna vibanio vinavyouzwa vikiwa na filimbi, dira na kipande cha kuwashia moto. Mimi sivipendi kwa kazi hii: dira zake hazitegemeki, na chuma cha cheche au kiwembe vinaweza kusimamisha mzigo uwanja wa ndege.

Tengenezeni na ubao wa kupimia. Chukua kipande cha mbao cha urefu wa sentimita 40, pigilia msumari mwanzoni, kisha pigilia misumari mingine umbali wa sentimita 18, 20, 22 na 23 kutoka huo wa kwanza. Kibanio hukaa upande mmoja, mwenzake upande wa pili, na msukaji anabaki na mikono miwili huru. Bangili zote zinatoka na kipimo kimoja bila kupimapima kila mara.

Vipimo

Bangili ni nene, kwa hiyo hula nafasi ndani yake. Ukijua mkono wa mtu, ongeza sentimita 2.5: mwenye mkono wa sentimita 18 asukiwe bangili ya 20.5 kutoka kibanio hadi kibanio. Mara nyingi humjui atakayevaa. Basi nyingi ziwe za sentimita 22, chache za 20 na 23, na msisahau za 18, kwani askari wanawake wapo na mara nyingi zawadi hizi huwapwaya.

Kuhusu urefu wa kamba, kanuni ya wasukaji ni sentimita 30 za kamba kwa kila sentimita 2.5 za bangili. Bangili ya 22 inakula kama mita 2.65, na ukiongeza ya kushikia mwishoni, kata mita 3. Usibane matumizi hapa. Kamba ikiisha kabla bangili haijafika mwisho hakuna njia ya kuiunga isiyoacha udhaifu.

Kusuka

Unguza ncha zote mbili ili zisifumuke. Kunja kamba katikati upate kitanzi. Pitisha kitanzi kwenye tundu la upande mmoja wa kibanio, ingiza ncha mbili ndani ya kitanzi hicho, vuta mpaka ikae imara. Sasa zipeleke ncha zote mbili hadi upande wa pili wa kibanio uliopo kwenye msumari wa kipimo chako, ziingize kwenye tundu lake kutoka juu na kuzirudisha nyuma. Kati ya vibanio viwili una kamba mbili zilizonyooka: hizo ni kamba za kati, nazo hazitasogea tena. Zilizobaki, moja inaning'inia kushoto na moja kulia, ndizo za kusukia.

Funga kipande cha utepe wa umeme kwenye ncha ya kamba ya kushoto. Usiidharau alama hii. Karibu makosa yote ya wanaoanza huanzia hapa, na alama inayaondoa.

Chukua kamba yenye alama, ipitishe mbele ya kamba za kati kwenda kulia, uache kitanzi kidogo upande wa kushoto. Ile ya kulia iwekwe juu ya mkia wa yenye alama, ishuke, ipite nyuma ya kamba za kati, kisha itokeze mbele ndani ya kitanzi cha kushoto. Shika ncha mbili, vuta kwa nguvu sawa mpaka fundo likae juu kabisa karibu na kibanio.

Sasa kamba yenye alama iko kulia. Ni hiyo hiyo tena inayopita mbele, safari hii kutoka kulia kwenda kushoto, ikiacha kitanzi upande wa kulia. Isiyo na alama, ambayo sasa iko kushoto, ipite juu ya mkia, nyuma ya kamba za kati, itokeze ndani ya kitanzi cha kulia. Vuta.

Basi, hiyo ndiyo kazi yote, ukirudia mpaka mwisho. Kanuni ni moja: kamba yenye alama daima hupita mbele, na isiyo na alama daima hupita nyuma, hata zikibadilishana pande. Ukisahau ukaanza kila fundo kutoka kushoto, kamba itaanza kujizungusha kama parafujo, na bangili haitalala bapa mkononi. Ukiona imeanza kujipinda, simama. Fumua mpaka pale ilipoharibikia. Bangili iliyojipinda huvutana vibaya na hukwama kwenye mkono wa shati.

Kinachotofautisha bangili nzuri na mbaya ni mvuto. Mafundo ya mwanzo huwa makavu na yamekazwa, kwa sababu mikono ina nguvu. Ya mwisho hulegea kwa sababu vidole vimechoka na vina jasho. Kila baada ya mafundo matano, bana kamba za kati kwa vidole viwili na uyasukume mafundo juu yashikane. Pasionekane hata nafasi ya kucha kati yao. Mama zetu waliozoea kusuka ukili hushika jambo hili haraka kuliko vijana; vidole vyao tayari vinajua kuvuta pande mbili sawa bila macho kuangalia, na ni vyema wawe ndio walimu wa kikundi hata kama kamba hii ni ngeni kwao. Tena usikaze kupita kiasi. Bangili iliyokazwa kama gogo haipindi mkononi, na askari hataweza kuifumua kwa vidole vyenye baridi au damu.

Ukikaribia mwisho, jaza mafundo mpaka yaguse kibanio cha pili. Fundo la mwisho livute mara mbili.

Kumalizia kwa moto

Kata kila ncha ukibakiza milimita 4 au 5. Washa kibiriti, sogeza upande wa buluu wa moto karibu na ncha kwa sekunde mbili tatu mpaka ganda linywee na kuanza kung'aa, kisha bonyeza papo hapo kwa mgongo wa kijiko kilicholowekwa maji. Ncha itatandaa kama kichwa cha msumari na kujishika kwenye fundo. Moto usiguse mafundo ya jirani.

Kazi hii wasipewe watoto. Nailoni ikiyeyuka ina joto la zaidi ya nyuzi 200, na tone lake hung'ang'ania ngozi badala ya kudondoka. Mkao uwe mahali penye upepo unaopita, mtandio ufungwe nyuma na mikono ya buibui ikunjwe. Tone likimwangukia mtu, atie mkono kwenye maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, asilibandue lililoganda, na asipake dawa ya meno wala asali. Kama malengelenge ni makubwa aende kituo cha afya.

Wapo wanaopendelea kutounguza mwishoni, bali kupenyeza ncha chini ya mafundo matatu ya mwisho kwa koleo. Bangili ya namna hii hufumuka upesi zaidi wakati wa haja. Tatizo, ncha zikipenyezwa na mtu asiye mzoefu hutoka zenyewe baada ya wiki chache. Waachieni njia hii wale ambao bangili zao zimeshapita ukaguzi mara nyingi.

Bila kibanio

Vibanio vikikosekana kazi isisimame. Kata kamba mbili: moja ya sentimita 60, nyingine ya mita 2.5. Ile fupi ikunje katikati, juu uache kitanzi kinachoweza kupitisha kidole gumba kwa taabu. Hizo pande zake mbili ndizo kamba za kati. Weka katikati ya kamba ndefu nyuma yake, chini ya kitanzi, na usuke kama ilivyoelezwa juu. Ukifika mwisho, unguza kamba za kusukia, kisha ncha mbili za kati zifunge pamoja fundo nono ambalo litaingia kwenye kitanzi na lisitoke kwa urahisi. Lijaribu: liingie kwa kusukumwa, litoke kwa kusukumwa. Likiteleza lenyewe, lifunge upya lizidi unene.

Hii haina plastiki ya kuvunjika, na kwa wavuvi naiona ni bora zaidi. Kwa askari, kibanio kina faida yake: bangili ikinaswa na mashine au tawi, plastiki inaweza kuachia.

Ukaguzi

Aliyesuka asikague kazi yake mwenyewe. Katika kikundi chetu anayekagua ni bibi mmoja aliyesuka mikeka maisha yake yote. Huifunga bangili, huipitisha kidole gumba kutoka kibanio hadi kibanio akiwa anazungumza na watu, na kidole kikifika palipolegea husimama, naye humwita aliyeisuka: "Mwanangu, hapa ulipitiwa. Nenda kafumue." Hakuna aliyewahi kubishana naye.

Wengine wasio na kidole cha namna hiyo wafuate utaratibu. Ipime kwenye ubao. Kifunge na kukifungua kibanio mara kumi, kikae bila kucheza. Ishike pande mbili na uivute kwa nguvu zako zote; ncha zilizounguzwa zisiachie. Zikwaruze kwa ukucha: penye mkwaruzo mkali patamchubua mtu usiku kucha, kwa hiyo parudishwe motoni kidogo na pabonyezwe upya. Inayoshindwa ifumuliwe, kamba iwe ya mazoezi. Isipelekwe kwa kuwa "si mbaya sana."

Kadi inayokwenda na bangili

Askari asiyejua namna ya kuifumua amepewa pambo tu. Kila bangili iende na kadi ndogo. Wanafunzi wa skuli wanaweza kuziandika kwa mwandiko wao mzuri, na mwandiko wa mtoto una uzito wake kwa mtu aliye mbali na wanawe. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Assalamu alaikum. Bangili hii ina kamba ya mita 3 yenye nyuzi saba ndani. Ukiihitaji, kata ncha zilizoungua karibu na kibanio, legeza fundo la mwisho, uendelee kufumua. Itachukua dakika kadhaa. Usiitumie kupandia wala kumteremshia mtu. Tunakuombeeni salama."

Hayo ya kupandia hayapo hapo kwa urembo. Kilo 250 ni uzito wa kamba mpya, iliyonyooka, isiyo na fundo, ikivutwa taratibu. Fundo peke yake laweza kupunguza nguvu hiyo hadi karibu nusu, na mtu anayeanguka huivuta kamba kwa nguvu nyingi kuliko uzito wake. Pia msiandike kamwe kwamba bangili inafaa kuzuia damu inayotoka kwa wingi. Kamba nyembamba hukata nyama na isizuie damu ipasavyo. Mkanda wa kazi hiyo huwa na upana wa karibu sentimita 4, na askari wanafundishwa kuutumia. Nimeona sifa hiyo ikitajwa kwa bangili hizi. Inaweza kugharimu maisha ya mtu.

Kwenye kadi pasiwe na namba ya simu, anwani ya nyumba wala jina kamili la mtoto. Askari asiulizwe aliko wala atarudi lini. Siasa isitajwe, na dini iishie kwenye salamu na dua ya kheri.

Kufungasha

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Zanzibar, na hata bila marufuku si mizuri kwa kazi hii, maana bangili ikitiwa humo na unyevu kidogo hutoka na harufu ya uvundo. Kwa fundi cherehani hakukosi vipande vya vitambaa. Mwombeni, shoneni vifuko vidogo vya kuvutia kwa kamba, na kifuko chenyewe kitamfaa askari kutilia sindano, chumvi au sabuni. Bangili zikauke siku nzima kabla ya kutiwa.

Mkiongeza vitu vingine kifurushini, viwe vikavu na vidogo: soksi, sindano na uzi, kitambaa cha uso, tasbihi kwa anayeihitaji. Halua ya Pemba ikifungwa vizuri husafiri, ila muulize kwanza anayebeba. Viberiti vya gesi, betri zisizo kwenye kifaa, manukato na kitu chochote cha kuwaka visitiwe kabisa. Vinaweza kuzuiwa kwenye ndege, na kimoja tu kinaweza kurudisha boksi zima.

Daftari na utunzaji

Muwe na daftari moja. Kila rola inayoingia iandikwe tarehe, ilikonunuliwa, na bangili ngapi zilitoka. Kila bangili inayotoka iandikwe ukubwa na kwa njia gani ilikwenda, bila kutaja kikosi. Fedha za michango ziwe na ukurasa wake, na zisomwe mbele ya wote kila mwezi. Mwezi wa Ramadhani watu wengi hutaka kutoa, na daftari safi ndilo linalowafanya watoe tena mwaka unaofuata.

Anayeivaa baharini aambiwe aisuuze kwa maji baridi ya kisima au bomba, kwa sababu chembe za chumvi zikikauka ndani husaga nyuzi kila anapokunja mkono. Isioshwe kwa dawa ya kuondoa madoa. Ganda likianza kutoa manyoya au rangi ikapauka sana, ibadilishwe.

Kwa kila rola mpya, bakizeni bangili moja. Itundikeni nje, mahali penye jua na upepo wa bahari, na baada ya miezi sita ifumueni mezani mbele ya kikundi kizima: ganda livuliwe, nyuzi saba zitolewe na zivutwe moja moja kwa mkono. Zikikatika kirahisi, rola nyingine ya muuzaji yule isinunuliwe, na waliopewa bangili za rola ile watumiwe mpya.